Tupeane uzoefu: kuzunguka kijiji cha kale kwa miguu bila mwongozaji

Mwanzilishi wa mada (Lamu mjini)

Assalaam aleikum wanachama. Nimerejea kutoka Siyu, kisiwani Pate, ambako nilizunguka siku nzima bila mwongozaji, mkononi nikiwa na karatasi niliyoichora baada ya kuwauliza wazee wa mtaani kwetu waliokulia huko. Naomba kila aliyewahi kuzunguka kijiji cha kale kwa namna hiyo atueleze alikopita na alichokiona, kwa kuwa vijiji vyetu vingi havina vibao vya maelezo, na asiyedokezwa na mwenzake hupita penye hazina asijue.

Mimi nilifunzwa na maji kwanza. Siyu huingiwa kwa mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, na chombo hakifiki karibu ila maji yakijaa. Sikuuliza habari za bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) wala maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo). Nikakuta yamekupwa, ikanibidi nishuke mbali na kukanyaga tope mpaka magotini. Lakini tope lile ndilo lililonifungua macho nilipoifikia ngome ya karne ya 19, iliyo ukingoni mwa mkondo. Katika miaka ya 1840, zama za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, yalishindwa kuitiisha Siyu, na mji haukusalimu amri kwa Zanzibar hadi 1863. Nilikuwa nikiisoma habari hiyo kama sifa za mashujaa peke yake, ambazo wanazistahili. Siku ile nilihisi kwamba mikoko na maji kupwa navyo vilipigana upande wa Wasiyu. Tangu hapo naamini matembezi ya Siyu yaanzie majini, si ngomeni.

Mchangiaji wa Malindi

Nakushukuru, ndugu yangu. Mimi nilikwenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukishavuka mto Sabaki. Watu wengi huliona kaburi la nguzo, yaani kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe, lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, wakapiga picha na kuondoka. Nawasihi wakae zaidi. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale, Wakenya na Wachina, walipata hapo sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala China mwanzoni mwa karne ya 15, na mimi nilipoijua habari hiyo nililirudia kaburi kwa jicho jingine kabisa. Nilisikitika kumwona mgeni mmoja akiokota kigae na kukitia mfukoni. Nilimwomba akirudishe, naye akakirudisha. Kigae kikishatoka mahali pake, hakuna atakayejua tena kilikuwa cha nyumba gani.

Mkaazi wa Shela

Sisi wa Shela, kisiwani Lamu, tunavuka kwenda Takwa, kisiwani Manda, kwenye mji uliohamwa yapata miaka 300 iliyopita. Huko wageni hupaita magofu, lakini wazee wetu husema asili yetu ni huko, na watu wa Shela bado huenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo lenye tarehe ya Hijria inayolingana na 1681 au 1682. Kwa hiyo atakayekuja peke yake na avae mavazi ya heshima, na akikuta watu wanaomba dua, asubiri nje mpaka wamalize.

Mzaliwa wa Siyu

Nimefurahi kuona kwetu kumetajwa kwanza, ila, Bwana Mwanzilishi, niruhusu nikusahihishe jambo moja. Umeandika mengi ya ngome, na hukuwataja mafundi. Siyu ilisifika kwa wanavyuoni na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino wa rangi. Ilisifika pia kwa kazi za ngozi na kwa kuchonga milango. Mambo haya huyapati kwa kutazama kuta. Huyapati ila kwa kupiga hodi, kuketi barazani na kuuliza hali za watu kabla ya kuuliza habari za mawe. Babu yangu alikuwa fundi viatu, na mgeni aliyemwamkia vizuri alionyeshwa jinsi ngozi inavyokatwa na kushonwa, ilhali aliyemwelekezea kamera bila salamu alitazamwa tu mpaka akaondoka.

Nyongeza yangu ni hii. Ukirudi, baada ya kuzunguka kijiji usiache kwenda Shanga, mji wa kale uliohamwa, ambako hufikiwa kwa miguu kutoka Siyu ukipita mashambani. Chukua maji ya kunywa, toka alfajiri kabla ya jua kuwa kali, na mwombe mwenye shamba ruhusa ya kupita. Katika miaka ya 1980 palichimbwa hapo, ukaonekana msikiti juu ya msikiti, ule wa chini kabisa ukiwa umejengwa kwa miti katika karne ya 8. Utakapofika, simama upande wa kibla uuangalie msikiti wa mawe uliobakia, ukijua kwamba chini yake watu walikuwa wameshasali kwa karne kadhaa kabla jiwe lake la kwanza halijawekwa.