Bajeti ya chakula ya sikukuu: nibebe jumla mara moja, nibaki na Mangi wa duka la mtaani, au niingie kikundi?

Baba_Kinyerezi
Wakuu, kwema? Naomba ushauri kabla mshahara haujaingia, maana ukishaingia akili inahama. Nimetenga laki tano na nusu ya chakula tu, ianze tarehe 20 Desemba hadi mshahara wa Januari utoke. Ada, sare na madaftari viko pembeni, hivyo msiniulize. Nashindwa kuamua kati ya haya:

1. Niende Kariakoo au Tandale, nibebe kila kitu jumla kwa mkupuo.
2. Niendelee na Mangi wa mtaani, kidogokidogo kama miezi mingine.
3. Jirani ananishawishi niingie kikundi chao cha sikukuu. Wanachanga, halafu wanagawana mchele, mafuta, sukari na nyama ya ng'ombe. Anasema bado wanapokea.

Supamaketi siigusi, kule nikiingia na mtoto narudi na biskuti. Ipi inabana matumizi kweli? Wenye uzoefu karibuni.

Mama Nuru
Mko wangapi ndani? Bila hiyo tunapiga ramli.

mtu_wa_mizani
Na friji unayo? Na hiyo laki tano na nusu ina gesi na mkaa ndani yake au ni chakula kitupu? Mada umeleta nusu.

Baba_Kinyerezi
Tuko watano: mimi, mama watoto, watoto wawili na dada wa kazi. Friji ipo, ile ya kawaida yenye kijisehemu cha barafu juu. Gesi ina fungu lake.

mtu_wa_mizani
Tarehe 20 hadi 25 Januari ni siku 36. 550,000 gawanya kwa 36 unapata kama 15,300 kwa siku. Kwa watu watano hapo mnakula vizuri tu, labda muwe watu wa kamba wa baharini kila jioni. Sasa shida iko wapi?

Baba_Kinyerezi
Nilisahau kusema, mama mkwe anakuja kutoka Songea na wajukuu watatu. Wanaingia tarehe 22, wataondoka shule zikikaribia kufunguliwa.

Mama Nuru
Hahaha! "Nilisahau." Watu wanne wiki mbili na ushei, unasahau? Huo ndio uzi wenyewe, mengine yote mbwembwe. Sasa mko tisa, na 15,300 kwa tisa ni 1,700 kwa kila mmoja, humo humo chai, mchana na usiku. Na ni mama mkwe, huwezi kumwekea dagaa siku ya pili.

Kibosho Asilia
Dawa ni kupanda Moshi. Beba familia nzima. Ndizi ziko shambani, maziwa yapo kwa bibi, mbuzi ni wa ukoo. Dar unaacha umezima hadi friji.

Mama Nuru
Nauli ya watu tisa Desemba analipa nani, Kibosho? Na mama wa watu atakuwa katoka Songea juzi tu, unampandisha tena basi hadi Moshi akamsalimie nani?

Kibosho Asilia
Sijasema ni bure. Nimesema ni dawa.

Dada wa Nafaka
Mimi niko upande wa namba 1 na sina haja ya kuficha, naijua biashara hii. Mchele, maharage na unga usinunue Kariakoo, nenda Tandale. Fika asubuhi mapema, tembea mashine mbili tatu kabla hujatoa hela, na uombe kuingiza mkono hadi katikati ya gunia, usitazame wa juu tu. Chota, tandaza kiganjani, angalia chenga na mawe. Ukiwa na chenga nyingi wali unageuka bokoboko na watu wanaongeza sahani kwa sababu haushibishi. Tofauti na bei ya mtaani ni mia tatu hadi mia nne kwa kilo. Tena nenda kabla ya tarehe 15, wiki ya Krismasi bei si ya kuuliza.

mtu_wa_mizani
Dada hapo tupige hesabu polepole. Kwa watu hawa tuseme mchele kilo 40. Tofauti ya 350 kwa kilo ni 14,000. Bajaji kutoka Tandale hadi Kinyerezi na mzigo, faida yote imebaki kwa dereva. Akipanda daladala konda anataka nauli ya gunia, na gunia lenyewe linakanyagwa. Jumla ina maana kama atajiunga na majirani wanne watano wakodi kirikuu moja, ile pikapu ndogo, wagawane gharama. Akienda peke yake, amefanya utalii.

Dada wa Nafaka
Umehesabu mchele tu. Weka maharage, unga, mafuta ya dumu, vitunguu, sukari. Na kuna kitu hukihesabu: cha ndani kikiwepo, mtu haendi dukani.

Bint wa Tanga
Hapo kwenye "mtu haendi dukani" namuunga mkono nusu. Mimi ni mtu wa Ramadhani, nyie mnalia kwa wiki mbili, sisi ni mwezi mzima kila mwaka na futari haitaki mchezo. Kwetu tende, tambi na sukari vinaingia ndani Shaabani haijaisha. Ukisubiri mwezi uandame umeumia. Lakini nakwambia kaka, mchele hauvunji bajeti ya mtu. Kinachovunja ni mtoto kutumwa. "Nenda kachukue mkate. Nenda kachukue soda mbili, mgeni kaja. Rudi, umesahau maziwa." Hiyo haiandikwi popote, na jioni elfu kumi imekwenda.

Kwa watu tisa angalia chai ya asubuhi. Mkate mmoja hauwatoshi, mtanunua miwili, na blubandi inaisha siku ya tatu. Badilisha: leo mihogo, kesho magimbi, keshokutwa chapati za unga wako mwenyewe. Mkate uwe wa Krismasi na Mwaka Mpya.

Baba_Kinyerezi
Asante dada, hii ya mkate sikuwahi kuiwaza. Vipi kikundi? Jirani ananipigia simu kila siku.

Fundi Seremala
Kwenye kikundi naomba niseme kwa kirefu, mnivumilie.

Mwaka juzi tulikuwa kaya ishirini mtaani kwetu. Tulichanga kila Jumamosi toka Machi. Mchele na mafuta vilikuja, tena vizuri, siwezi kusema uongo. Kasheshe ikawa ng'ombe. Watu wawili walitumwa mnadani Pugu tarehe 23. Unafikiri walikuwa peke yao? Vikundi vya Dar nzima vilikuwa pale, kila mmoja ana hela ya kuchanga mkononi na haraka zake, na muuzaji anawaona. Wakarudi na ng'ombe ambaye mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti anamzunguka, anampiga kofi mgongoni, anasema huyu ana nyama ya ndani.

Mchinjaji tuliyekubaliana naye aje saa kumi na mbili asubuhi ya Krismasi akaja saa nne, kisu bado kina damu ya ng'ombe wa kikundi kingine. Afisa mifugo wa kukagua nyama naye akangojwa. Ndipo yakapangwa mafungu ishirini juu ya majani ya mgomba, na hapo vita vikaanza. Hili lina paja, lile lina kwato. Huyu anahamisha ini, yule analirudisha. Mwisho tukakubaliana mtu mmoja ageuke, mwingine aguse fungu aulize "la nani hili?", aliyegeuka ataje jina. Haki kabisa. Mimi nikatajwa kwenye shingo, mbavu na kipande cha utumbo.

Nafika nyumbani saa kumi jioni na mfuko. Mke wangu alishachoka kusubiri, kanunua kilo mbili bucha tangu asubuhi, kapika, wageni wameshakula na wanaaga. Kwa hiyo nyama ya sikukuu nimeilipia mara mbili. Na ile shingo tuliichemsha kesho yake, saa tatu jikoni, haiivi.

Kibosho Asilia
Ungekuwa Moshi ile shingo ingekuwa supu ya maana.

Mweka Hazina
Pole Fundi, lakini usituchafulie vikundi. Chetu kiliacha ng'ombe zamani. Tunagawana vikavu tu: mchele, mafuta, sukari, unga wa ngano. Nyama kila mtu na bucha lake. Na tunanunua mapema Novemba. Sukari hasa, mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilivyosimamisha viwanda? Sisi tulikuwa nayo ndani, mitaani watu wanazunguka duka hadi duka.

Ila kwa mleta mada nakushauri uache. Kuingia kikundi Desemba maana yake unatoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Raha ya kikundi ni kuchanga kidogo bila kuumia. Hapo unanunua jumla tu, tena kupitia mkono wa mtu mwingine. Jirani anakuita kwa sababu kuna aliyeshindwa kulipa na pengo linatafuta mtu.

Baba_Kinyerezi
Duh. Kweli kuna mama mmoja kahama.

mtu_wa_mizani
Basi namba 3 ifutwe. Mangi naye tumwangalie. Kama unapimiwa kwa mizani, sawa. Kama ni kisado, lile kopo la kupimia, kigeuze kwanza utazame kitako. Kikigongwa kikaingia ndani, kwa macho kimejaa, ukimimina kwenye sufuria kimepungua. Wakala wa Vipimo hawezi kuwa kila genge.

Mama Nuru
Mangi wangu ana mizani na ananikopesha. Hicho Tandale hakipo.

Dada wa Nafaka
Daftari la Mangi ndilo linalokula Januari yenu, mama. Unachukua bila kuona hela ikitoka.

Mama wa Makambako
Jamani mimi nashangaa. Mama mkwe anatoka SONGEA. Ruvuma! Kwenye mahindi na maharage. Halafu kaka anapanga kwenda Tandale kununua maharage? Si ampigie, waweke debe mbili za mahindi na maharage kwenye buti ya basi? Na basi likisimama Ruaha Mbuyuni vitunguu viko hapo hapo barabarani. Anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na Kinyerezi si mbali. Mzigo unalipiwa kidogo, kuliko hiyo kirikuu yenu.

Baba_Kinyerezi
Mama, siwezi kumwambia mama mkwe aje na chakula chake. Nitaonekana nimeshindwa kulisha.

Mama wa Makambako
Nani kasema umwambie wewe? Mkeo amwambie. Tena usikute tayari kafunga. Mama wa kusini hatoki mikono mitupu, ukimkataza ndio umemvunjia heshima.

Kibosho Asilia
Mwanaume anakaa kimya anasubiri mkwe ashuke na debe? Kwetu hapana.

Mama wa Makambako
Kwenu mnapanda na mabasi kwenda kula ndizi za bibi, hiyo inaitwaje?

Mama Nuru
🤣🤣 Kibosho kapatikana.

Bint wa Tanga
Tukirudi kwenye mada, mchele wa pilau ya Krismasi usibanie. Chukua wa Kyela kilo tano uweke pembeni, siku nyingine pika wowote.

Dada wa Nafaka
Kyela kwa pilau? Kyela ni wali wa nazi. Pilau inataka mchele mkavu wa Shinyanga au Kahama, unachambuka. Na hapa Dar kila gunia linaitwa Kyela, hata lililotoka Ifakara.

Bint wa Tanga
Pilau nimezaliwa nayo dada yangu, usinifundishe. Ni maji unayoweka, si mchele.

Fundi Seremala
Na huo mchele mtauwekaje? Wa kwangu uliingia fukusi kabla Januari haijaisha.

Dada wa Nafaka
Uanike kivulini, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, tupia pilipili kavu chache. Usiuweke chini sakafuni.

Baba_Kinyerezi
Nimerudi wakuu. Mama watoto kampigia mama yake jana usiku. Mahindi yameshafungwa, maharage yameshafungwa, na kuna kuku wawili wa kienyeji wanakuja wazima. Hakuna aliyemwomba. Ila wajukuu wamekuwa wanne, kuna mmoja kalia.

Kwa hiyo Tandale nadhani nitaenda na majirani wawili kwa mchele, mafuta na sukari, ingawa mmoja bado anasema twende Kariakoo. Mangi atabaki wa chumvi na kiberiti. Nasema nadhani, maana mama watoto hajakubali ya mihogo asubuhi mbele ya mama yake.

mtu_wa_mizani
Mko kumi. 1,530.

Mama wa Makambako
Toa mahindi na maharage kwenye hesabu yako, wewe mtu wa mizani.

Kibosho Asilia
Hao kuku wanasafirije kutoka Songea wazima? Kondakta anakubali?

Mama Nuru
Kwenye tenga, juu ya mizigo. Wanafika wamezubaa, uwape maji na siku mbili kabla ya kisu. Baba Kinyerezi, huko kwenu kukoboa na kusaga debe ni shilingi ngapi siku hizi? Huku kwetu wamepandisha.