Naomba ushauri: hela ya korosho yote inaingia akaunti ya mume

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za humu.

Niko Tandahimba. Palizi nafanya mimi, kuokota ni mimi na watoto, mume anapuliza salfa na kupeleka mzigo ghalani. Si mlevi wala hana makuu. Shida ni kwamba kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima kinachotuuzia korosho) kasajiliwa yeye peke yake, hivyo baada ya mnada malipo yote yanaingia kwenye akaunti yake. Minada inaanza Oktoba, ikifika Januari hela haipo: deni la pembejeo, bati, matengenezo ya pikipiki, na ngoma za watoto wa ndugu zake (huku unyago na jando utakwepa wapi?). Binti yetu anaingia kidato cha kwanza mwakani. Ada ilifutwa, sawa, lakini sare, madaftari na godoro havikufutwa.

Kila kabla ya msimu tunakubaliana kutenga, hela ikitoka makubaliano yanayeyuka. Kikoba changu kinatosha sabuni na chumvi. Nikamshirikisha mama mkwe, akaniambia nisimpande mwanawe kichwani!

Najua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, ila sitaki tufikishane huko.

Naomba kujua: kuna waliogawana mikorosho, mke akasajiliwa sehemu yake kwa jina na akaunti yake? Mlianzia AMCOS au serikali ya kijiji? Na mume mlimwingiaje asidhani mnataka kuondoka?

Wa Newala na Masasi hasa, nawasubiri.