Cheti cha kuzaliwa cha Ohio: apewe yeyote, au mwenyewe tu?

Mwana_Pangani
Nawauliza mnaoishi Marekani na mnaozijua taratibu za huko. Jimbo la Ohio linahesabu cheti cha kuzaliwa kuwa kumbukumbu ya umma. Mtu akijua jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa na majina ya wazazi wako, analipa ada (idara ya afya ya jimbo inatoza dola 21.50) na anapewa nakala yenye muhuri. Haulizwi mna undugu gani. Texas wao wameifunga kumbukumbu ya kuzaliwa kwa miaka 75 na ya kifo kwa miaka 25. Ndani ya muda huo anapewa mwenyewe, jamaa wa karibu au mwakilishi wake wa kisheria. Msimamo wangu ni kwamba Ohio wafunge. Cheti chenye muhuri ndicho kinachoombea pasipoti. Watoto wetu wengi wamezaliwa Columbus, Ohio. Mnasemaje?

Karani_Mkongwe
Sikubali. Ukifunga, wa kwanza kuumia ni mjane asiye na wakili, na mrithi aliyeko Kigoma anayehitaji cheti cha kifo cha kaka yake. California wamejaribu njia ya kati: ukiomba kwa posta unaapa mbele ya notari (mthibitishaji wa viapo) kwamba unastahili. Usipostahili unapewa nakala ya taarifa tu, nayo imeandikwa waziwazi kuwa haithibitishi utambulisho. Aliye mbali hata hiyo inamtaabisha.

Shida ya watu wetu ni kubisha mlango usio wao. Wanaandika barua Washington, wakati serikali kuu haina daftari la waliozaliwa ndani ya nchi. Kwa Ohio, aliyezaliwa kuanzia Desemba 20, 1908 anapata cheti idara ya jimbo au ofisi yoyote ya afya ya eneo ndani ya Ohio, hata kama kazaliwa Cleveland na yeye yuko Dayton. Ndoa haiko huko. Iko mahakama ya mirathi ya kaunti iliyotoa leseni ya ndoa, yaani kibali cha kuoana. Talaka iko kwa karani wa mahakama ya kaunti (Court of Common Pleas) iliyoamua kesi. Watu hawayajui haya, ndiyo maana wanafika dirishani na karatasi ya talaka ya msikitini. Karatasi ile haina thamani.

Abu_Salma
Mzee Karani, shikamoo, lakini neno hilo lirudishe. "Haina thamani" kwa nani? Talaka iliyotimiza masharti ni talaka. Eda inahesabiwa kuanzia pale, haimngoji karani wa kaunti. Halafu mbona mashekhe wetu wamesajiliwa na jimbo? Shekhe aliyefungisha ndoa kwa usajili huo akiandika talaka, jimbo linaitambua pia.

Dada_wa_Houston
Hapo umeteleza, kaka Abu Salma, na watu wakikufuata wataumia. Usajili wa shekhe au mchungaji kwa Katibu wa Jimbo wa Ohio ni wa kufungisha ndoa tu. Haumpi mamlaka ya kuivunja. Ndoa iliyofungwa Ohio kwa leseni ya kaunti inavunjwa na mahakama, katika kitengo cha mahusiano ya familia cha mahakama ya kaunti. Anayefungua kesi awe ameishi Ohio miezi 6. Wakiwa wamepatana juu ya kila kitu, kuna njia ya maafikiano: wanapeleka maombi pamoja, na shauri linasikilizwa kati ya siku ya 30 na ya 90 baada ya kufungua.

Na Karani, kwa kuwa umezungumzia kubisha mlango usio wao, Texas ni pabaya zaidi. Ndoa iko kwa karani wa kaunti (county clerk), talaka iko kwa karani wa mahakama ya wilaya (district clerk). Hizo ni ofisi mbili tofauti zenye majina yanayofanana masikioni mwa mgeni. Na ukiagiza kutoka jimboni, kwa ndoa za tangu 1966 na talaka za tangu 1968 unapewa barua ya uthibitisho tu. Barua hiyo si cheti cha ndoa, wala si hukumu ya talaka. Watu wanaituma Uhamiaji ya Marekani, inarudishwa, na miezi imekwisha.

Abu_Salma
Hujanijibu juu ya thamani. Nimesema kwa nani? Na hao waliotalikiwa Mombasa au Unguja kabla ya kuja, nao wana karatasi zisizo na thamani?

Mtoto_wa_Jalada
Msichanganye sehemu tatu: Kenya, Zanzibar na Tanzania Bara. Marekani inatazama sheria ya mahali talaka ilipotolewa. Kenya, Mahakama ya Kadhi imo ndani ya Katiba, ibara ya 170, na hukumu yake ni hukumu ya mahakama. Zanzibar vivyo hivyo, kadhi ni mahakama ya serikali. Mwenye hukumu hizo atafute nakala iliyothibitishwa kutoka mahakama husika, yenye namba ya kesi na muhuri. Asiridhike na karatasi ya mtaani.

Tanzania Bara ni habari nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mahakama. Waliooana kiislamu wanapita kwanza baraza la usuluhishi. Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa, kisha talaka ikatolewa kidini, mahakama inatoa amri kwa msingi huo, kifungu cha 107(3). Kwa hiyo aliyeandikiwa talaka Tanga asiende mahakamani bado ana nusu ya safari mbele yake. Hilo litamkwamisha atakapoomba leseni ya ndoa Ohio, kwa sababu fomu inauliza talaka ya mwisho ilitolewa kaunti au mahali gani, lini, na namba ya kesi ni ipi. Mahakama nyingine zinataka na nakala yenyewe.

Hati ya Kiswahili iende na tafsiri ya Kiingereza. Uhamiaji wanataka mfasiri aandike na kutia sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anaziweza lugha hizo mbili. Tafsiri ya kudokeza haitoshi. Muhuri na maandishi ya pembeni vyote vitafsiriwe.

Karani_Mkongwe
Abu Salma, "haina thamani" nilimaanisha mbele ya dirisha la karani. Ningesema hivyo tangu mwanzo. Neno limemgusa mtu kwenye dini yake, nalirudisha.

Mwana_Pangani
Niliuliza habari ya cheti cha kuzaliwa.

Bibi_Kivu
Nakurudisha huko, Mwana Pangani, ila nakwambia umekamata mkia. Cheti cha mtoto kina kinga kidogo: mwizi lazima ajue majina ya wazazi. Mimi inaniuma faili za mahakama. Zinatafutwa mtandaoni bure, kwa jina tu, na watu wetu wameingia nchi hii na majina matatu na tarehe ya kuzaliwa Januari 1 waliyoandikiwa kwenye kambi za wakimbizi. Nyarugusu, Kakuma, kote huko, asiyejua siku yake anaandikiwa 01/01. Sasa mtafute "Juma Hamisi" wa 01/01 kwenye mtandao wa mahakama ya Columbus. Mmoja ana kesi ya kuendesha bila leseni, mwingine kadaiwa kodi ya nyumba, wa tatu hana kosa lolote. Kampuni ya kuchunguza waombaji kazi inawakunja wote kuwa mtu mmoja. Kazi inapotea na mtu hajui kwa nini.

Karani_Mkongwe
Hilo ni kosa la kampuni, si la uwazi. Faili ikiwa wazi ndipo yule asiye na kosa anaweza kuthibitisha kuwa siye. Ukiifunga, atatumia nini kujitetea?

Bibi_Kivu
Atajitetea baada ya kufukuzwa! Wewe unaongea kama mtu mwenye muda.

Mtoto_wa_Jalada
Bibi Kivu ana haki ya kukasirika, lakini njia ya kujitetea ipo. Mtu akinyimwa kazi au nyumba kwa ripoti ya uchunguzi, mwenye kazi au nyumba ana wajibu kisheria kumwambia ripoti imetoka kampuni gani. Adai nakala ya ripoti, aandike pingamizi kwa maandishi, na kampuni ina siku 30 za kuchunguza. Pingamizi lisiende mikono mitupu. Kwenye ripoti atapata namba ya kesi. Aipeleke kwa karani wa mahakama iliyotajwa, aombe kuona hati ya mashtaka, atazame anwani, jina la kati na maelezo ya mshtakiwa, kisha achukue nakala iliyothibitishwa ya ukurasa unaoonyesha tofauti.

Ajue pia ni mahakama ipi. Ohio, makosa ya barabarani, makosa madogo, kesi za kutolewa nyumbani na madai yasiyozidi dola 15,000 yako mahakama ya manispaa. Makosa makubwa na talaka yako mahakama ya kaunti. Ndoa, mirathi, ulezi na kubadili jina, mahakama ya mirathi. Ukitafuta kwenye mtandao wa moja usipoona kitu, hujamaliza kutafuta. Tena jaribu majina yote matatu kwa zamu kama jina la ukoo, kwa sababu mwandishi wa siku ile aliandika la mwisho au la katikati, vile alivyosikia.

Na kwa wanaofungua kesi wenyewe bila wakili: kanuni za Ohio zinataka namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) na namba za akaunti zisionekane kwenye hati ya wazi. Wa kuzifuta ni wewe unayeiwasilisha. Karani halazimiki kuikagua. Ukiiacha, imekaa hadharani.

Dada_wa_Houston
Niongeze la barua, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Usiandike "naomba karatasi za talaka". Utapewa orodha ya matukio ya kesi, au nakala isiyo na muhuri. Andika: nakala iliyothibitishwa ya hukumu ya mwisho ya talaka, majina kamili ya wote wawili kama yalivyokuwa siku ile, mwaka, namba ya kesi kama unayo. Weka bahasha yenye anwani yako na stempu. Lipa kwa mani oda, kwa kuwa makarani wengi hawapokei hundi ya mtu binafsi. Piga simu kwanza uulize bei ya kurasa na bei ya muhuri, ni vitu viwili. Kesi ya zamani inaweza kuwa ghalani au kwenye filamu ya kuhifadhia kumbukumbu, kwa hiyo usiagize wiki moja kabla ya miadi ya Uhamiaji. Na talaka ya New York usitume ndugu akakuchukulie: faili za kesi za ndoa na talaka huko zimefungwa miaka 100, wanaona wahusika na mawakili wao.

Abu_Salma
Mzee Karani, nimepokea, yamekwisha. Nina moja la maana kwa walioko Ohio. Wapo waliooana kwa leseni ya kaunti, shekhe amesajiliwa, kila kitu sawa, lakini wakienda kuomba cheti wanaambiwa ndoa haimo. Hapo kosa liko wapi?

Karani_Mkongwe
Karibu kila mara ni karatasi haikurudishwa. Leseni ya Ohio inadumu siku 60. Ndoa ikishafungwa, aliyefungisha ana siku 30 kurudisha cheti kwenye mahakama ya mirathi iliyotoa leseni, kimejazwa tarehe na mahali na kimetiwa sahihi yake. Kuchelewa ni kosa lake, si la maharusi. Waende mahakama ileile, si ya kaunti wanakoishi sasa, waulize kwa majina na tarehe ya leseni. Ikionekana leseni ilitoka na haikurudi, wamfuate shekhe akajaze na kuwasilisha hata sasa. Wafanye hivyo angali hai na angali anakumbuka tarehe.

Mwana_Pangani
Basi angalau kwa cheti cha kuzaliwa wadai kitambulisho cha mwombaji.

Bibi_Kivu
Kitambulisho chenye 01/01?