Tupeane uzoefu: tumbo likichafuka safarini, ulijuaje ni ugonjwa gani?

Mleta mada
Wakuu, habari za wakati huu. Nikiwa safarini nilikula saa saba mchana, saa kumi nikaanza kutapika mfululizo mpaka nyongo, nimeshikilia ukingo wa sinki, magoti yanagonga. Homa hakuna, kuharisha kidogo. Antibayotiki nilishazitoa mkobani, nashukuru sikumeza. Asubuhi nilikuwa mzima. Kutapika saa 1 hadi 6 baada ya kula mara nyingi ni sumu ambayo bakteria wameshaiacha kwenye chakula, na antibayotiki haiondoi sumu. Wenzangu mlitofautishaje?

Mama Mapacha
Pole sana. Kwetu alianza mtoto mmoja, kesho yake pacha wake, keshokutwa mimi na baba yao. Likizunguka hivyo, shukuni virusi. Nilitegemea jeli ya mikono, kumbe norovirusi, kirusi cha tumbo, hatishiki na spiriti, anataka sabuni na maji yanayotiririka. ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, nilimpa mdogo kikombe kizima, akakirudisha chote. Nikabadilisha: kijiko kimoja cha chai, nasubiri dakika mbili, kingine. Usiku kucha. Nepi ilipokaa kavu kwa saa sita, sikungoja tena, tukaenda hospitali.

Dereva wa Masafa
Mimi sikutapika hata mara moja. Wiki mbili baada ya kurudi, tumbo linajaa gesi, mbweu zinanuka mayai viza, choo kina mafuta na kinaelea. Nikajitibu vidonda vya tumbo karibu mwezi mzima! Kupima choo, giardia, kimelea cha utumbo. Mwambieni daktari mlikopita na lini, hata kama safari mmeshaisahau.

Nesi Mstaafu
Choo kikiwa na damu, au kukiwa na homa kali, msimeze loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha. Nendeni mkapimwe. Mliopita kwenye malaria pimeni na malaria, nayo huleta kutapika na kuharisha. Na choo kikimwagika kama maji yaliyooshea mchele, ondokeni usiku huohuo mkinywa ORS njiani, maana kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Pakiti hakuna? Maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko.

Mleta mada
Nesi, vijiko vya kujaa?

Nesi Mstaafu
Hapana, sawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto.