Mtoto wa siko seli, bandama imevimba: itolewe kwa matundu au kwa kupasua?

Mama_Urambo
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko Urambo, Tabora. Kijana wangu wa miaka 8 ana siko seli. Bandama imejaa ghafla kwa mara ya pili: ubavu wa kushoto mgumu, midomo myeupe, damu ikashuka mpaka 4. Akaongezewa, akapata nafuu. Daktari anashauri itolewe, ila kwa njia ya matundu tufuate rufaa Mwanza au Dar. Bibi yake anataka achanjwe chale. Mnanishauri nini?

Kisiki_Kikavu
Pole dada. Chale za bandama ninazo ubavuni mpaka leo, na kilichonisaidia ni dawa ya malaria. Bibi mheshimu, wembe uficheni.

Nesi_Zamu
Pole mama. Ikijaa hivyo inanyonya damu ya mwili mzima, na mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Imeshatokea mara mbili, kwa hiyo ushauri wa daktari una msingi. Ila siko seli yenyewe itabaki, kliniki na dawa zake ni palepale.

Kwa matundu wanajaza hewa tumboni, wanaingiza kamera, wanafunga mishipa, bandama inatiwa kwenye mfuko na kusagwa humohumo ndipo ivutwe nje. Kidonda kidogo, kitandani siku chache. Ikiwa kubwa mno au damu ikikataa kusimama, watapasua, hivyo utasaini yote mawili. Piga simu kwanza kujua kama mtaalamu wa matundu yupo. Na ultrasaundi iangalie mawe kwenye kifuko cha nyongo. Watoto hawa wanayapata sana, yakiwepo hutolewa siku hiyohiyo.

Mwanakigoma
Mimi nilitolewa kwa matundu kwa sababu chembe za kugandisha damu zilikuwa zinaisha. Nilipoamka bega ndilo liliniuma kuliko tumbo! Wakasema ni ile hewa. Mwambieni mtoto mapema asiogope.

Mama_Urambo
Asanteni. Nesi, chanjo za kliniki alimaliza zote akiwa mdogo. Zinatosha? Na mwakani baba yake anataka aende bweni.

Nesi_Zamu
Hazitoshi. Omba ya nimokoka (kijidudu cha nimonia) na ya uti wa mgongo, angalau wiki 2 kabla ya upasuaji. Hapa ndipo wazazi wengi hupitiwa, wanahangaika na kidonda tu. Bila bandama, vijidudu vya nimokoka vinaweza kumuua ndani ya siku moja, na malaria humpanda vibaya. Penisilini kila siku kwa miaka, chandarua kila usiku. Homa yoyote ni hospitali usiku huohuo, panado isikudanganye.

Bweni? Mimi ningekataa, kwa miaka ya mwanzo. Baba akishikilia, matroni awe na barua ya daktari na dawa zake, na shule iwe na usafiri wa usiku.

Kisiki_Kikavu
Shule gani ya huku ina gari usiku? Abaki nyumbani.