Petroli imepanda tena: watu wa Kusini tupeane uzoefu wa kubana lita

Mwana wa Mikindani (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Boda akifika sheli siku hizi akasema "weka ya elfu tatu", pampu inagota kabla lita haijatimia. Tuliyaonja haya Agosti 2022, petroli Dar ilipofika shilingi 3,410 kwa lita na ruzuku ya bilioni 100 ikiwa tayari imeanza tangu Juni. Oktoba 2023 ikarudi 3,281, safari hiyo dizeli ikaipita petroli na kufika 3,448. Hizo ni za Dar, huku kwetu mnajua wenyewe zinavyonenepa njiani.

Tupeane uzoefu: boda, bajaji, boti, mashine ya salfa, jenereta. Sharti langu moja tu, sitaki "mimi siku moja bwana". Lete kipimo na sababu.

Fundi Kabureta, Masasi
Naanza na boda. Pikipiki za cc 125 na 150 haziharibiwi ulaji na injini kwanza, zinaharibiwa na chujio la hewa. Njia ya Nachingwea kwenda Liwale ina vumbi laini kama unga wa muhogo. Chujio likiziba, hewa inapungua, petroli inazidi, pikipiki inanywa kama mlevi na nguvu haina.

Pima hivi. Tembea kilomita chache, zima, fungua plagi. Ikiwa ya kahawia kama ganda la korosho, upo sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta ni kidogo na unaichoma pistoni, kwa hiyo yule fundi aliyekupunguzia jeti (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) "upate kilomita nyingi" amekuuzia pistoni mpya bila kukwambia.

Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likauke kivulini, lipakwe oili kidogo kisha likamuliwe. Msilioshe kwa petroli, linaoza. La karatasi halioshwi, linakung'utwa tu na likichakaa linabadilishwa. Mwanya wa plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Mnyororo ucheze sentimita 2 hadi 3, ukikazwa kama uzi wa gitaa unakula beringi na mafuta pia. Halafu nyanyua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono: likisimama hapohapo, breki inabana na wewe unalipia petroli ya kushindana na breki yako mwenyewe.

La mwisho choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Mnavuta alfajiri, mnaisahau mpaka Mnazi Mmoja.

Boda wa Chuno
Hapo kwenye choki umenena, fundi.

Hasira za Bei
Mnahangaika na plagi wakati wezi wako juu! Mwaka 2022 ExxonMobil walipata faida ya dola bilioni 55.7. Shell karibu bilioni 40. Mwaka mmoja huo. Uingereza Mei 2022 wakawabandika kodi ya ziada ya asilimia 25 kwenye faida ya uchimbaji, Januari 2023 wakaipandisha 35. Sisi tunaambiwa tusafishe chujio.

Pampu Namba Mbili
@Hasira, hizo tarakimu ni sahihi ila unampiga asiyehusika. Hao ni wachimbaji. Faida yao imejificha ndani ya bei ya soko la dunia, tunailipa kabla meli haijatia nanga. Mwenye sheli yako faida yake kwa kila lita imepangwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na bei ya juu imewekwa kwa kila wilaya, Newala ya kwake, Liwale ya kwake. Piga *152*00# uione. Ukiuziwa zaidi ya hapo dai risiti ya EFD, ndiyo ushahidi wako.

Pa kubishana ni katikati. Kuna premiamu ya zabuni ya kuagiza kwa pamoja (nyongeza ya muuzaji juu ya bei ya soko la dunia), kuna gharama za meli kusubiri gati, kuna thamani ya shilingi mbele ya dola, na kuna tozo. Tozo ya barabara peke yake ilikuwa 313 kwa lita, mwaka wa fedha 2021/22 ikawa 413, ile mia ya nyongeza ikielekezwa barabara za vijijini.

Hasira za Bei
Kwa hiyo hakuna mwizi?

Pampu Namba Mbili
Sijasema hivyo. Septemba 2023 kuna vituo vilifungiwa miezi 6 kwa kuficha mafuta. Ujanja wenyewe ni mwepesi: bei inabadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi kituo kikijua itapanda, Jumatatu na Jumanne "mafuta yameisha". Jumatano asubuhi pampu zinafufuka.

Kivinje Mkongwe
Na hili la bandari mnaliruka. Sisi Lindi, Mtwara na Ruvuma bei yetu inafuata mafuta yaliyoteremshwa bandari ya Mtwara. Meli isipoleta mzigo Mtwara, ama bei inabaki ya mwezi wa nyuma ama malori yanachota Dar na sisi tunalipia lami. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Mafuta ya taa ndiyo kabisa, mara nyingi tunaelekezwa kuyafuata Dar. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga Mei 2024, kila mtu alielewa maana ya kutegemea njia moja.

Mmwera Mtulivu
Dawa ni kuomba lori la mafuta lilale pale Mbwemkuru tuchote bure 😂

Kivinje Mkongwe
Futa hiyo, kijana. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikwenda na madumu kuchota kwenye lori lililopinduka. Walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini usiuone, cheche ya betri au pikipiki inayowashwa mita kadhaa mbali inautosha.

Mmwera Mtulivu
Nimekosa, babu.

Bwana Salfa, Newala
Turudi kwenye uzi. Msimu wa kupulizia korosho ndio unaomaliza petroli vijijini huku kwetu. Hesabu ni hii: salfa ya unga gramu 250 kwa mti kwa mpulizio mmoja, mipulizio 5, kila baada ya siku 14. Ukijaza kilo 12 unapata miti 48. Mkulima wa miti 200 anajaza mara nne na ushee kila mzunguko, na mashine ikiunguruma kwa nguvu zote inakula zaidi ya lita kwa saa.

Petroli inapotea hapa: watu wanapulizia saa tatu asubuhi, upepo umeamka, umande umekauka. Unga unapaa kwenda kwa jirani, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unabaki kwenye maua yako, unarudia. Pulizia kuanzia alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yana umande wa kushika unga. Ukianza kuona miti inatikisika, zima, nenda kanywe chai. Na usitembee toka mti hadi mti mashine ikinguruma kwa kasi ya juu, rudisha mkono wa gesi.

Mchanganyiko ni 1 kwa 25, yaani mililita 40 za oili ya tutii (2T, ya injini za mapigo mawili) kwa kila lita ya petroli.

Boti Mbili
1 kwa 25 ni kupoteza oili. Weka 1 kwa 50, mililita 20 zinatosha.

Bwana Salfa, Newala
Hiyo ni ya boti, bwana. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari, yangu inapozwa na upepo tu, halafu iko mgongoni mwa mtu juani. Angalia kibandiko cha mashine yako kabla ya kunifundisha.

Boti Mbili
Kibandiko kimefutika toka 2016.

Bwana Salfa, Newala
Basi ndiyo maana.

Nahodha Kusi, Shangani
Mmegusa boti, acha niseme jambo linaloumiza vichwa vya watu pwani yote hii, Msimbati mpaka Kilwa. Bei ikipanda nahodha habani mwendo, anabana akiba. Badala ya lita 25 anabeba 15. Hapo ndipo kifo kinapoanzia, na hatua zake hazibadiliki.

Mashine ya nguvu 15 ya tutii ikifunguliwa yote inakula lita 6 hadi 7 kwa saa. Ukirudisha mkono kwenye robo tatu inashuka hadi karibu 4 na nusu, na mwendo unaopoteza ni mdogo, maana boti nzito kasi ya mwisho inaisukuma kwa shida. Kwa lita 15, kufungua yote ni saa mbili na kidogo. Anatoka asubuhi maji yakiwa shwari, anavuka mwamba, anafika, anavua. Mchana kusi inakaza. Sasa anarudi kinyume cha upepo na mawimbi, safari ya saa moja inakuwa saa mbili.

Tenki likibaki na lita tatu na boti inayumba, mdomo wa bomba la kunyonyea unatoka nje ya mafuta na kurudi. Inavuta hewa. Inavuta na uchafu wa chini, na maji, kwa sababu petroli ya chupa za uchochoroni ina maji na maji hukaa chini. Mashine inakohoa mara mbili, inazima. Anavuta kamba. Anavuta mara ishirini. Plagi zinalowa, sasa hata mafuta yakija haiwaki. Anatupa nanga: nje ya mwamba huku kwetu sakafu inashuka ghafla, kamba haifiki. Mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini, na kusi inausaidia. Mtu aliyezimikiwa mbele ya Msimbati hawezi kubaki mbele ya Msimbati. Anaiona Mtwara inapita ubavuni, minara ya simu inaonekana, simu haina chaji. Usiku ukiingia hajui yuko Lindi au amepita.

Na mara nyingi tatizo ni dogo la kukera. Fuata hivi kabla ya kuvuta kamba hata mara ya tatu. Skrubu ya pumzi kwenye kifuniko cha tenki: ikiwa imefungwa, tenki linajinyonga na mafuta hayatoki. Minya pampu ya mkono kwenye bomba: ikiwa ngumu, mafuta yapo na tatizo ni moto wa plagi, ikiwa laini haijazi, tafuta hewa inapoingia, ikibonyea isirudi, chujio limeziba au pumzi imefungwa. Legeza skrubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe, maji utayaona yamejitenga chini kama shanga. Mwaga mpaka itoke petroli tupu. Fungua plagi, zikaushe, vuta kamba zikiwa nje ili kumwaga kilichojaa ndani ya silinda, ila waya wake uuweke mbali na tundu, cheche isikutane na mvuke. Rudisha, washa.

Kanuni ya mafuta ni theluthi: moja kwenda, moja kurudi, moja usiiguse. Ukitaka kubana, beba tanga dogo na kasia. Sehemu ya kurudi ukiwa na upepo mgongoni, zima mashine.

Dada wa Somanga
Nimesoma nimeshika kifua.

Boda wa Chuno
Uzi umeshatekwa na nahodha 😅 ila hiyo skrubu ya pumzi hata jenereta inayo. Watu wanaita fundi bure.

Boti Mbili
Nahodha, theluthi ya akiba kwa bei hii ni elfu ishirini na kitu zimelala kwenye dumu.

Nahodha Kusi, Shangani
Hazijalala. Kesho unaenda nazo tena. Ichuje tu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na ile nusu kikombe ya chini kabisa uimwage.

Mama Jenereta
Mimi nawaongezea: jazeni mafuta asubuhi, yana baridi yamejikunja, unapata mengi zaidi.

Pampu Namba Mbili
Mama, hilo ni la kwenye vijiwe. Tenki la sheli limefukiwa ardhini, joto lake kutwa halibadiliki sana. Petroli hutanuka karibu elfu moja ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja. Tuseme tofauti ni nyuzi 2, kwa lita 20 unapata mililita 40. Kama shilingi 130. Kufuata foleni ya asubuhi kumekula zaidi.

Mama Jenereta
130 si hela?

Pampu Namba Mbili
Ni hela, shikamoo mama. Lakini kuna mahali utaokoa zaidi. Usijaze lori linaposhusha mafuta kituoni, linakoroga tope na maji ya chini ya tenki. Pampu ianzie sifuri ukiwa unaiangalia, usihesabu noti wakati huo. Kagua stika ya Wakala wa Vipimo. Ukishuku, waambie wapime kwa kipimo chao cha lita 20, na msitumie dumu la njano kama ushahidi: lile likijaa hadi mdomoni linameza hadi lita 22, ndiyo maana kila siku mnagombana na wahudumu bure.

Kivinje Mkongwe
Na kuchakachua kwa mafuta ya taa?

Pampu Namba Mbili
Kumepungua tangu 2011, kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa makusudi. Faida ya kuchanganya ikaisha. Kipimo cha haraka ni karatasi nyeupe: dondosha tone, petroli safi inapaa bila alama, ikibaki doa la mafuta ogopa. Siku hizi adui ni maji, hasa masika.

Hasira za Bei
Gesi imegunduliwa Msimbati tangu 1982, Songo Songo tangu 1974, na sisi tunapimiana matone kwenye karatasi. Tuwekeeni gesi kwenye boda!

Fundi Kabureta, Masasi
Gesi asilia haimiminwi kama soda. Inabanwa hadi presha ya bar 200, mtungi wake wa chuma ni mzito, kwenye boda utakaa wapi, kichwani kwa abiria? Kwa bajaji na gari sawa. Kilo moja inafanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, Dar iliuzwa 1,550. Lakini bila kituo cha kujazia karibu, mtungi ni mzigo tu.

Hasira za Bei
Ndicho ninachodai. Kituo. Bomba la gesi limeanzia kwetu!

Mmwera Mtulivu
Hapo hata mimi niko naye.

Mwana wa Mikindani (mleta uzi)
Wa Liwale hamjachangia, mko kimya. Na kesho ni Jumatano ya kwanza.

Boda wa Chuno
Hapa stendi pampu mbili zimeshafungwa kamba tangu saa nane. "Mafuta yameisha."