Tupeane uzoefu: mlivukaje majuma ya kusubiri majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu?

Dada Mkubwa, Morogoro (mwanzisha mada)

Salaam, ndugu zangu. Mdogo wangu wa mwisho alimaliza kidato cha sita mwezi Mei katika tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na matokeo yalipotoka Julai akatuma maombi ya udahili, akitanguliza udaktari, kisha ufamasia na uuguzi. Alipokuwa akihangaika na fomu na malipo alikuwa mchangamfu. Tangu dirisha la maombi lifungwe halali vizuri, anakula kidogo, na simu haimtoki mkononi. Nyumbani wapo wanaosema aachwe tu, kwani mtihani si ameshafaulu? Mimi naona kusubiri kwenyewe ni mzigo mzito, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuubeba. Naomba mliopitia hali hii mnieleze mlifanya nini hasa, au wenzenu waliwafanyia nini. Kuambiwa awe na subira ameshaambiwa hadi amechoka kusikia.

Mwalimu wa Mbozi

Pole kwa mdogo wako, dada. Mimi niliomba chuo wakati wa mfumo wa pamoja wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ule ulioanza mwaka 2010, ambapo mwombaji alipanga machaguo yake mahali pamoja na kupokea jibu moja. Tangu 2017 maombi hutumwa moja kwa moja vyuoni, kwa hiyo kijana anasubiri milango kadhaa kwa wakati mmoja, na wasiwasi wake unagawanyika.

Wanafunzi wangu ninaowasindikiza kila mwaka huwaeleza kwanza kinachoendelea wakati wao hawaoni kitu: chuo hupanga waombaji kwa ushindani, hupeleka majina TCU, tume huhakiki, ndipo majina yanatangazwa. Mtu akijua kwamba ukimya huo una kazi ndani yake, anaacha kuutafsiri kuwa ni kukataliwa. Jambo la pili, ambalo naliona kuwa zito zaidi, ni tofauti kati ya sifa za chini na ushindani. Mwongozo wa udahili hutaja sifa za chini za udaktari kuwa ni angalau D katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6, kwa kuwa D hubeba pointi 2 na A hubeba 5. Mwenye pointi 9 akisoma hapo anaona ameshaingia, lakini nafasi ni chache na walio juu yake ni wengi. Kijana aelezwe hili mapema, na aelezwe na mtu anayempenda, kabla hajaligundua peke yake siku ya majina akadhani kwamba hana akili.

Binti wa Hanga Namba Moja

Mimi nilisubiri nikiwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), katika mafunzo ya mujibu wa sheria ya wanaomaliza kidato cha sita. Matokeo yalitukuta kambini, simu hatukuruhusiwa kukaa nazo, na maombi yangu yote aliyashughulikia mama kwenye steshenari ya mtaani kwetu, akitumia karatasi niliyomwandikia kabla sijaondoka. Watu hudhani mateso yangu yalikuwa makubwa kwa kuwa sikuwa na habari. Sivyo. Asubuhi ilikuwa mchakamchaka, mchana shamba au gwaride, na usiku hangani, yaani bwenini, tulizungumza wazi juu ya hofu zetu, kila mmoja akieleza atafanya nini asipochaguliwa: mmoja alisema atasomea stashahada ya uuguzi, mwingine atamsaidia shangazi yake duka huku akisubiri mwaka unaofuata. Kwa kuwa sote tulikuwa tunasubiri, hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la kumchoma.

Mateso yalianza niliporudi nyumbani kabla majina hayajatoka. Kila niliyekutana naye, dukani, kanisani, hata kwenye daladala, aliuliza, "Majina bado?" Waliuliza kwa wema, ninajua, lakini kila swali lilinirudisha mwanzo, na nilifikia hatua ya kukataa kutumwa sokoni. Mama alipoligundua hilo hakunihubiria. Aliwaambia jirani na ndugu kwamba habari ikipatikana ataileta yeye mwenyewe, na anayetaka kujua amwulize yeye. Kuanzia siku hiyo nilipumua. Dada, kama kuna jambo moja unaloweza kumfanyia mdogo wako leo, simama kati yake na maswali ya watu, wakiwemo wajomba na mashangazi wanaopiga simu kutoka mbali.

Baba Watatu, Tabora

Nachangia kama mzazi. Mwanangu alikosa awamu ya kwanza akachaguliwa awamu ya pili, na kipindi cha katikati kilikuwa kigumu kwetu sote. Alikuwa anafungua ukurasa wa maombi alfajiri, mchana na usiku wa manane. Tulikubaliana kwamba tutaangalia mara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha jioni, mimi nikiwa nimekaa karibu naye. Nilimwahidi pia kwamba jibu likiwa baya sitasema neno lolote usiku huo.

Hata hivyo, kilichomkosesha usingizi zaidi hakikuwa chuo bali mkopo. Alijua kwamba anaweza kuchaguliwa na bado asiende, kwa sababu uwezo wangu anaujua. Majibu ya Bodi ya Mikopo hutoka kwa awamu, na jina kutoonekana katika orodha ya kwanza hakumaanishi kwamba mtu amenyimwa, lakini kijana wa umri ule halielewi hilo kwa urahisi. Tulichofanya ni kupitia viambatisho vyake upya, kikiwemo cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kisha nikamweleza bila kuficha ninaweza kuchangia kiasi gani na tutamwomba nani msaada ikibidi. Alilala usingizi mzuri usiku ule, ingawa hakuna jibu lolote lililokuwa limetoka.

Mkazi wa Kilifi

Huku Kenya kusubiri ni kurefu zaidi, kwani matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutangazwa mapema mwaka, na KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, hutoa nafasi miezi kadhaa baadaye. Nilipata kibarua cha kufundisha watoto wa msingi hesabu jioni. Malipo yalikuwa madogo, lakini palikuwa na watu walionihitaji kila siku, na hilo lilinishika.

Dada Mkubwa, Morogoro

Nawashukuru kwa moyo wote. Maneno ya Baba Watatu yalinifanya nimketishe mdogo wangu jana na kumuuliza anaogopa nini hasa. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema anaogopa kwamba baba ameuza sehemu ya shamba kwa ajili yake na huenda ikawa bure. Hatukuwa tumemwambia habari za shamba. Aliisikia kwa wengine, na kwa majuma yote hayo alikuwa akiibeba peke yake. Leo baba amezungumza naye mwenyewe. Swali langu la mwisho: akichaguliwa na vyuo viwili, anatakiwa kufanya nini?

Binti wa Hanga Namba Moja

Ilinitokea hivyo hivyo. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu au barua pepe aliyoisajili wakati wa kuomba, na huitumia kuthibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Hakikisheni laini aliyoiandika inapatikana na ipo mikononi mwake. Yangu alikuwa nayo mama, na ujumbe ulipoingia alinipigia kelele kutoka jikoni hadi majirani wakatoka nje, nami safari hii sikuona vibaya waliponiuliza.